Nilivyosoma Ensaiklopedia Kuanzia A Hadi Z: Uzoefu Wangu na Juzuu 22 za Inama

Kwa mwenye haraka, hukumu yangu ni hii: ukiona seti kamili ya ensaiklopedia ya zamani kwa wauza vitabu wa inama hapa Nairobi, wale wanaopanga vitabu vya mitumba chini kando ya njia, na nyumbani una rafu ya kuiweka, inunue. Ukishaifikisha nyumbani usiifanye pambo la sebuleni, wala kitabu cha kufunguliwa tu mtoto akija na kazi ya shule. Isome. Anza na neno la kwanza la A, umalizie neno la mwisho la Z. Mimi nimemaliza yangu mwaka huu, na sikumbuki kitabu kingine kilichonifurahisha na kunifunza kwa kiasi hiki.

Seti yangu ni ya Kiingereza, ilichapishwa Marekani mwaka 1987, juzuu 22 za jalada gumu. Herufi nitakazozitaja humu ni za majina ya Kiingereza. Jina la mchapishaji sitalitaja, kwani seti za aina hii zinakaribiana sana kwa mpangilio, na ninachokipima hapa ni usomaji wenyewe. Niliikuta kando ya njia katikati ya jiji, imepangwa nyuma ya vitabu vya marudio vya shule. Muuzaji aliniambia, "Mathe, ukibeba yote nakufanyia bei. Moja moja siuzi, nitaharibu seti." Nilimheshimu kwa msimamo huo. Tulielewana chini ya shilingi elfu kumi, nikakodi teksi hadi mtaani kwangu Umoja, maana hakuna boda ya kubeba mzigo ule.

Bei hiyo ndogo ina historia. Britannica, iliyoanza kutolewa Edinburgh mwaka 1768 na kukamilika ikiwa na juzuu 3, ilitangaza mwaka 2012 kwamba haitachapwa tena kwenye karatasi; toleo lake la mwisho la kuchapwa, la 2010, lilikuwa na juzuu 32. Watu walipohamia kwenye kompyuta, seti za karatasi zikaanza kutolewa kwenye rafu za shule na maktaba. Yangu ina muhuri wa maktaba ya shule ya huko huko Marekani. Karatasi ni nzito, zinang'aa, picha bado zina rangi nzuri, na mshono wa vitabu umekaza kuliko vitabu vingi vipya ninavyonunulia watoto.

Sasa usomaji. Simu yangu hunijibu ninachouliza, na hunijibu vizuri. Lakini siwezi kuuliza jambo ambalo sijui kwamba lipo. Mpangilio wa herufi haujali unapenda nini wala unatafuta nini. Mwanzoni mwa A nilikutana na muhanga, mnyama wetu huyu wa usiku anayevunja vichuguu na kulamba mchwa. Kumbe meno yake hayana enameli, yameundwa kwa vijibomba vidogo vilivyobanana, na ndiye mnyama pekee aliyesalia katika oda yake nzima, yaani lile kundi kubwa la ukoo ambamo wataalamu wamemweka. Mara baada yake ikaja abakasi, chombo cha kuhesabia kwa shanga. Hakuna mwalimu angepanga somo la namna hiyo. Baada ya muda nilizoea mruko huo, nikawa nauona kama mwendo wa kawaida wa akili.

Nilikuwa na hamu kubwa ya kufika K. Nilipofika, nilikuta Kenya imepewa kurasa chache: ramani, kahawa, chai, simba mbugani, orodha ya mazao. Nairobi chini ya N ni aya kadhaa: reli ilifika 1899, ikawa jiji 1950, basi. Jimbo moja la Marekani ambalo sina shughuli nalo lilikuwa na nafasi kubwa kuliko nchi yangu yote, pamoja na ua lake, ndege wake na majina ya magavana wake. Jambo hilo liliniuma na bado linaniuma. Kurasa za majimbo nilizipitia kwa kasi, na ninakushauri ufanye hivyo hivyo.

Lakini kadiri nilivyoendelea niligundua jambo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike tathmini hii. Kenya, na Afrika Mashariki yote, haiko kwenye K. Imetawanyika katika juzuu zote, imejificha ndani ya makala za samaki, za ndege, za magonjwa, za mimea na za vita, na atakayeiona ni yule tu anayesoma kila kitu. Anayefungua K na kufunga kitabu ataondoka akidhani hatuna hadithi.

Chini ya H kuna honeyguide, ndege mdogo wa rangi ya majivu anayeita watu na kuwaongoza hadi kwenye nyuki wa mwituni. Watu wakishavuna asali, yeye hula nta na majana ya nyuki yaliyoachwa. Makala yake ilikuwa fupi sana, lakini ilinisukuma kutafuta zaidi, na ndipo nikakutana na utafiti wa Mkenya mwenzetu Hussein Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 1989. Walifanya kazi na Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Katika eneo geni, mtu asiye na ndege alihitaji wastani wa saa 8.9 kupata kundi moja la nyuki. Akiongozwa na ndege, saa 3.2. Waborana walikuwa wakisema siku zote kwamba ndege huyu huonyesha upande wa kwenda, umbali uliobaki na wakati wa kufika. Watafiti walipima, wakakuta ni kweli. Mimi nimeishi nchi hii maisha yangu yote, na kilichonifikisha kwa Waborana na ndege wao ni aya iliyoandikwa ng'ambo.

Chini ya C nilikuta silakanti, samaki ambaye wataalamu waliamini alitoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita kwa sababu walimjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu. Mnamo Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ndogo ya East London, Afrika Kusini, aliitwa bandarini kutazama samaki waliovuliwa na meli, akamwona mmoja wa buluu mwenye mapezi mazito kama miguu. Profesa J. L. B. Smith, mtaalamu wa samaki, alimtambua, kisha akahangaika miaka 14 kumpata wa pili, hata akasambaza vikaratasi vya kuahidi zawadi ya pauni 100. Wa pili alipatikana mwaka 1952 Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimjua miaka yote na hata jina walikuwa wamempa. Na mwaka 2001 mmoja alinaswa baharini karibu na Malindi, hapa kwetu. Sehemu hiyo ya wavuvi wa Komoro niliisoma mara nyingi. Dunia nzima ya sayansi ilikuwa inamtafuta samaki ambaye wavuvi walikuwa wanamvua.

Malindi inarudi tena kwenye G. Twiga ana pingili saba za shingo, idadi ile ile tuliyo nayo sisi. Tofauti ni urefu wa kila pingili. Hilo lilikuwemo kitabuni. Kutoka hapo nilifuata njia hadi China ya enzi ya Ming, kwa kuwa mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme Yongle twiga, zama za misafara ya baharini ya Zheng He, kiongozi wa meli za China. Wachina walimfananisha na mnyama wa baraka wa hadithi zao za kale, na kuonekana kwake kukachukuliwa kuwa dalili ya utawala mwema. Twiga tunaowapeleka watoto kuwalisha kule Lang'ata nimeanza kuwatazama kwa macho mengine.

S ni kubwa kiasi kwamba imegawanywa juzuu mbili, na humo ndimo nilimokaa muda mrefu kuliko kwingine. Chini ya ndui niliandikiwa kwamba ugonjwa huo uliua watu wasiohesabika kwa karne nyingi, na kwamba Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1980 kuwa umetokomezwa. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa nje ya maabara alikuwa Msomali, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca. Oktoba 1977 aliingia kwenye gari lililobeba wagonjwa wa ndui ili awaonyeshe dereva na wenzake njia, safari ya dakika chache tu, akaambukizwa. Alipona. Yaliyofuata hayamo katika kitabu cha 1987, nimeyapata kwingine: alitumia miaka yake ya baadaye kuhamasisha chanjo ya polio nchini Somalia, akiwaambia wazazi waliosita yaliyompata yeye, na alifariki mwaka 2013 kwa malaria akiwa katika kazi hiyo hiyo. Ugonjwa uliotisha dunia yote ulimalizikia kwa jirani yetu, na nimeshangaa kuona ni watu wachache kiasi gani wanaomjua mtu huyu hapa Nairobi, tunaoishi na Wasomali mtaa kwa mtaa.

Vanila nayo. Kitabu kilieleza tu kwamba ua lake huchavushwa kwa mkono. Kwa nini kwa mkono? Mmea huo asili yake ni Meksiko, na ulipopelekwa visiwa vya Bahari ya Hindi ulitoa maua bila kuzaa, kwa kuwa wadudu waliozoea kuuchavusha hawakuwa huko. Wataalamu wa Ulaya walihangaika. Mwaka 1841 kijana mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, Edmond Albius, aligundua kwamba kwa kijiti chembamba na kidole gumba unaweza kuinua utando ulio katikati ya ua na kuzikutanisha sehemu mbili, kazi ya sekunde chache. Ua lenyewe hufunguka siku moja tu, kwa hiyo lazima uliwahi. Mbinu hiyo ndiyo inayotumika hadi leo, Bukini (Madagaska) na kwingineko. Edmond alipata uhuru mwaka 1848 utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Ufaransa, na alikufa maskini mwaka 1880. Aiskrimu ya vanila inauzwa kila kona ya jiji hili, na nadhani jina la kijana huyu linastahili kujulikana na kila anayeilamba.

Hata Z, ambayo nilidhani itaisha na pundamilia, ilinipeleka Tanganyika. Makala ya Zeppelin, zile puto kubwa za Wajerumani za vita vya kwanza vya dunia, ilinifanya nitafute safari ya L 59. Novemba 1917 puto hiyo iliondoka Yambol, Bulgaria, ikibeba risasi na dawa za jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki. Haikukusudiwa kurudi: ingevunjwavunjwa ikifika, na vitambaa vyake vigeuzwe mahema na bandeji. Ilivuka Mediterania na jangwa, ikafika eneo la Khartoum, ndipo ikaamriwa igeuze. Ilirudi ilikotoka baada ya saa 95 angani bila kutua, karibu kilomita 6,800. Nikipita Kenyatta Avenue penye sanamu za askari na wapagazi waliokufa katika vita hivyo, huwa nawaza kwamba walioko chini walikuwa wakibeba mizigo kichwani huku tani za shehena zikielea juu ya Sahara kuja kurefusha vita hivyo.

Si kila kilichonigusa kina uhusiano na kwetu. Chini ya F nilimsoma Michael Faraday, mtoto wa fundi chuma wa London, aliyewekwa uanagenzi wa kujalidi vitabu akiwa na miaka 14. Vitabu vilivyoletwa vifungwe aliviangalia ndani, na kimojawapo kilikuwa juzuu ya Britannica yenye makala ya umeme. Mwaka 1831 ndiye aliyeonyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na waya huzalisha umeme, kanuni inayoendesha karibu mitambo yote ya kuzalisha umeme, hadi ile ya Olkaria inayotuletea stima. Kwamba mtu huyo aliingia kwenye umeme kupitia ensaiklopedia aliyopewa kuijalidi, hilo lilinipa nguvu ya kuendelea nilipokuwa nimechoka katikati ya juzuu za M na N.

Na E ilinipa siku nzuri kuliko zote. Eratosthenes, aliyesimamia maktaba ya Aleksandria zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alisikia kwamba kule Syene, ambako leo ni Aswan, jua la saa sita la siku ndefu kuliko zote huangaza hadi chini ya kisima. Aleksandria saa hiyo hiyo kulikuwa na kivuli, cha pembe ya nyuzi 7.2, yaani sehemu moja ya hamsini ya duara. Akazidisha umbali wa miji hiyo miwili mara hamsini, akapata mzingo wa dunia. Nikajiuliza: na Nairobi je? Sisi tuko nyuzi 1.3 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 17 Machi na tarehe 26 Septemba. Nikawachukua wanangu na watoto wa majirani hadi juu kabisa ya jengo, tunakoanika nguo, tukasimika kijiti kwa kutumia timazi. Mwanangu wa Gredi ya Sita alidhani kivuli kitaisha saa sita kamili. Hakikuisha. Kiliendelea kufupika, na ilipofika kama saa sita na dakika 24 kilikuwa kimejikusanya chote chini ya kijiti.

"Mama, saa yetu iko mbele?" aliniuliza. Iko mbele kweli. Saa ya Afrika Mashariki inafuata longitudo ya nyuzi 45, inayopita karibu na Mogadishu, ilhali Nairobi iko karibu na nyuzi 37, kwa hiyo jua hutufikia utosini kama nusu saa baadaye. Kiasi kinachobaki hubadilika kidogo kwa majira ya mwaka. Mtoto wa jirani aliyekuja kucheza tu ndiye aliyekwenda kumweleza babake hayo yote jioni. Kwa wazazi wa mtaala wa shule wa CBC mnaokesha mkitafuta cha kufanya na watoto: weka alama kwenye kalenda tarehe hizo mbili, omba mawingu yaachie, na huhitaji kununua kitu.

Kasoro kubwa ya seti kama yangu ni umri, na msomaji lazima awe macho. Muungano wa Kisovieti una makala ndefu kana kwamba utadumu milele. Namibia haijawa huru, Eritrea na Sudan Kusini hazipo. Pluto, iliyogunduliwa na Clyde Tombaugh mwaka 1930, bado ni sayari ya tisa. Wanaastronomia waliibadilishia daraja mwaka 2006. Hayo mtu anaweza kuyatambua. La hatari ni tiba. Kitabu changu kinaeleza vidonda vya tumbo kwa asidi na msongo wa mawazo, wakati leo inajulikana kwamba vingi husababishwa na bakteria Helicobacter pylori au dawa za maumivu, na hutibika. Barry Marshall na Robin Warren walipewa Nobel mwaka 2005 kwa ugunduzi huo. Kwa hiyo makala za magonjwa nisome kama historia, na nikiumwa niende kwa daktari. Watoto nimewaambia hivyo hivyo, na kila wanapokuta takwimu ya watu au jina la nchi tunaithibitisha kwanza. Sensa ya 1989 ilihesabu Wakenya milioni 21.4, ya 2019 milioni 47.6. Kitabu kilichotangulia zote mbili hakiwezi kukusaidia hapo.

Ukienda kununua, hesabu juzuu kabla ya kutoa pesa, hasa ile ya mwisho yenye faharasa, kwani ndiyo inayopotea. Fungua katikati ya juzuu mbili tatu unuse; harufu ya ukungu haitoki. Angalia mgongo wa kitabu kama una vumbi la mchwa. Nyumbani, acha nafasi kati ya rafu na ukuta, hasa kama unaishi chini na ukuta unatoa unyevu. Kusoma, mimi nilizoea kurasa chache kila usiku baada ya watoto kulala, na daftari pembeni la kuandika cha kufuatilia. Bila daftari ungepoteza nusu ya raha, kwa sababu makala nyingi ni mlango tu.

Kwa mtu anayetaka jibu la haraka, hii si yake. Kwa mtu anayeandaa mtihani pia siipendekezi. Kwa mwenye udadisi na subira, ninaipa nyota nne kati ya tano, na ile moja nimeikata kwa ajili ya zile kurasa chache za K.

Nimeshamwomba muuzaji yule aniwekee seti ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikipita mikononi mwake. Nataka kusoma walichoandika kuhusu mwezi kabla ya mtu yeyote kuukanyaga, na walichoandika kuhusu Kenya kabla ya Desemba 1963.